Methionini: Mfugaji asilipie kazi ya ini la kuku

MAHINDI na soya haviwapi kuku methionini ya kutosha, hivyo mfugaji anayechanganya chakula mwenyewe hulazimika kuinunua. Iko ya aina mbili. L ndiyo mwili unayoitumia. DL, inayotengenezwa kwa kemikali, ni nusu L na nusu D, maumbo yanayotofautiana kama mkono wa kulia na wa kushoto.

Kuzitenga kunawezekana. Mwaka 1969 kampuni ya Tanabe Seiyaku ya Japani ilianza kutumia kimeng'enya cha kuvu kuchuja L kiwandani. D iliyobaki ilipashwa moto, ikawa mchanganyiko tena, ikarudishwa kwenye mtambo. Kwa dawa za binadamu, gharama hiyo ina maana.

Kuku ana mtambo wake. Vimeng'enya vya ini na figo hugeuza sehemu kubwa ya D kuwa L bila malipo. Kwa hiyo DL ikiwa nafuu, mfugaji hana sababu ya kuongeza fedha.

Laisini ni tofauti: D yake kuku hawezi kuigeuza. Hiyo inunuliwe L tu, ile inayozalishwa na bakteria. Lebo isomwe kabla fedha hazijatoka mfukoni.