Daraja la Umoja Limejengwa, Kadi Nayo Ivuke

Mei 12, 2010, Daraja la Umoja lilifunguliwa rasmi juu ya Mto Ruvuma, baina ya Mtambaswala katika Tanzania na Negomano katika Msumbiji. Fikra ya kuziunganisha nchi hizi mbili kwa daraja ilianza tangu zama za Mwalimu Julius Nyerere na Samora Machel. Tangu siku hiyo mwananchi wa Lukuledi, wa Masasi au wa Newala anaweza kuingia Msumbiji kwa gari, na ndugu yake wa upande wa pili anaweza kuja kuuza, kununua, kuoa na kuzika, bila ya kungojea mtumbwi wala kuhofia mamba.

Watu wamevuka. Mahindi, samaki na vitenge vimevuka. Lakini kipo kitu kimoja ambacho hadi leo hakijavuka kwa usawa, nacho ni jasho la mfanyakazi lililohifadhiwa katika kadi ya benki. Mwenye kadi iliyotolewa na benki ya nchi nyingine, anapoiingiza katika mashine ya kutolea fedha, hutozwa makato yasiyomhusu jirani aliyesimama nyuma yake katika foleni ileile. Makato hayo hakuyajadili mtu katika mkutano wowote wa kijiji. Yamekuwa ushuru wa mpakani unaotozwa na mashine, na ni haki ya wananchi kuuliza ushuru huo ni wa nani na unakwenda wapi.

Yafaa kwanza jambo lenyewe lieleweke. Mtu anapotumia kadi ya kigeni, mikono mingi huingia katika mfuko wake kwa wakati mmoja. Mkono wa kwanza ni wa benki yenye mashine, ambayo hukata ada yake papo hapo. Mkono wa pili ni wa benki iliyotoa kadi huko ugenini, ambayo kwa kawaida hudai asilimia fulani ya fedha zote zilizotolewa, kwa sababu tu zimetolewa nje ya nchi. Mkono wa tatu umo katika bei ya kubadilishia fedha, ambayo mwenye kadi hapewi nafasi ya kuijadili kama angalivyofanya dukani. Na nyuma ya yote hayo yamo makampuni makubwa ya Marekani yenye mitandao ya kadi, kama vile Visa na Mastercard, ambayo hulipwa kila ujumbe wa fedha unapopita katika nyaya zao.

Tuchukue mfano wa kijana wa Lukuledi aliyekwenda kufanya kazi Muscat, ambaye mshahara wake huwekwa katika benki ya Omani. Amerudi likizo na kumkuta mama yake mgonjwa. Anahitaji Sh. 1,200,000. Anapanda gari kwenda Masasi mjini, anaingiza kadi, anabonyeza namba ya siri. Hapo ndipo anapokutana na kizuizi ambacho watu wengi hawakifikirii. Mashine nyingi nchini hazitoi zaidi ya Sh. 400,000 kwa mara moja, yaani noti 40 za Sh. 10,000, ambayo ndiyo noti kubwa kuliko zote za Tanzania. Kwa hiyo hana budi kurudia mara tatu, na kila mara ada ya mashine hukatwa upya.

Viwango vya makato hutofautiana baina ya benki na benki, hivyo hesabu hii ni ya mfano tu. Ikiwa mashine inatoza Sh. 10,000 kila mara, mara tatu ni Sh. 30,000. Ikiwa benki ya ugenini inakata asilimia 3, hiyo ni Sh. 36,000 nyingine. Jumla ni Sh. 66,000, kabla ya kuhesabu kilichopotea katika bei ya kubadilishia fedha. Mkulima wa Masasi atalielewa tarakimu hilo upesi zaidi likipimwa kwa korosho. Kwa bei ya Sh. 3,300 kwa kilo, ambayo Serikali iliitangaza Novemba 2018 iliponunua korosho za wakulima, Sh. 66,000 ni thamani ya kilo 20 za korosho. Kilo hizo zilipaliliwa, zikapuliziwa dawa, zikaokotwa moja moja chini ya mkorosho. Mashine huzimeza katika muda usiozidi dakika kumi.

Ubaya wa ada ya namna hii ni kwamba haimwangalii mtu. Anayetoa Sh. 400,000 na anayetoa Sh. 50,000 hukatwa ada ileile. Kwa mfano huohuo, yule wa kwanza amepoteza sehemu moja ya arobaini ya fedha zake; wa pili amepoteza sehemu moja ya tano. Mtalii mwenye hoteli iliyokwisha kulipiwa hatahisi maumivu. Atakayeyahisi ni mfanyakazi wa nyumbani aliyetoka Arabuni, ni mwanafunzi anayesoma India kwa kadi ya Tanzania aliyopewa na mzazi wake, na ni mchuuzi wa Newala aliyeko Montepuez au Pemba ya Msumbiji ambaye faida yake ya juma zima haifiki laki mbili. Makabwela ndio wanaotoa kidogo kidogo, na kwa hiyo ndio wanaokatwa mara nyingi.

Upo mtego mwingine ambao hauna budi kufichuliwa. Baadhi ya mashine humwuliza mwenye kadi ya kigeni kwa upole mwingi: je, apenda hesabu yake ikatwe kwa fedha ya nchi ya benki yake? Mtu huona ni wema, kwa sababu fedha hiyo anaijua. Kumbe akikubali, ndiyo kwanza amempa mwenye mashine ruhusa ya kupanga bei ya kubadilishia fedha, na bei hiyo mara nyingi ni mbaya kuliko ile ambayo angepata kwa kukataa. Jibu la busara ni kuchagua fedha ya mahali alipo: shilingi akiwa Masasi, metikali akiwa Msumbiji. Lakini haistahili usalama wa mwananchi utegemee ujuzi wake wa kukwepa mitego iliyowekwa na wale wanaodai kumhudumia.

Wenye mabenki wana majibu yao, na ni haki yasikilizwe. Husema kwamba mashine haijipeleki Masasi yenyewe. Noti lazima zisafirishwe kwa ulinzi, umeme ukikatika lazima kuwe na jenereta, na mtandao hulipiwa kila mwezi. Hayo ni kweli tupu, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayetaka huduma vijijini ifungwe kwa sababu ya hasara. Lakini wanalolinyamazia ni hili: katika mitandao ya kadi za kimataifa, benki iliyotoa kadi hulipa kiasi fulani kwa benki yenye mashine kila mara mteja anapotoa fedha. Kwa maneno mengine, mwenye mashine amekwisha kulipwa kwa mlango wa nyuma kabla hajamtoza mteja kwa mlango wa mbele. Aidha, gharama ya kusafirisha noti kwenda Masasi haiongezeki kwa sababu aliyezitoa ana kadi ya Omani badala ya kadi ya Dar es Salaam. Noti ni zilezile, umeme ni uleule, na askari mlinzi ni yuleyule.

Wengine husema kwamba asiyetaka kukatwa atafute njia nyingine. Njia ipi? Akibeba fedha taslimu mfukoni kutoka ng'ambo, anajiweka katika hatari ya wezi njia nzima. Akizituma kupitia makampuni ya kutuma fedha, anakuta Afrika kusini mwa Sahara ndilo eneo lenye gharama kubwa kuliko yote duniani. Takwimu za Benki ya Dunia zimekuwa zikionyesha wastani wa karibu asilimia 8 ya fedha inayotumwa, ilhali Umoja wa Mataifa umeweka lengo la gharama hiyo kushuka chini ya asilimia 3 ifikapo mwaka 2030. Kumwambia mtu aliyenyonywa dirisha hili ahamie dirisha la pili, ambako pia ananyonywa, si jibu.

Lipo na kundi la tatu, nalo ni la wakata tamaa. Hao husema kwamba haya ni mambo ya ulimwengu na nchi maskini haina la kufanya. Historia inawakanusha. Hadi mwaka 1966 shilingi moja ya Afrika Mashariki ilitumika Newala, Mombasa na Kampala, na hapakuwa na mtu aliyemkata mfanyakazi fedha kwa kuivusha mpakani. Shilingi hiyo ilikuwa ya mkoloni, wala hakuna anayeililia. Ila iliacha ushahidi kwamba mpaka si sababu ya lazima ya makato. Huko Ulaya, nchi za Umoja wa Ulaya zilitunga sheria mwaka 2001, na kuanzia Julai 2002 benki hazikuruhusiwa tena kumtoza mteja zaidi kwa kutoa fedha za euro katika nchi nyingine ya Umoja huo kuliko zinavyomtoza nyumbani kwake. Mabenki yalilalamika, lakini sheria ilipita, na hayakufa. Ni ajabu basi kwamba mataifa tajiri yamejiondolea wenyewe mzigo huo, ilhali mataifa maskini yanaendelea kutozana yenyewe kwa yenyewe, na sehemu ya mapato inapelekwa ng'ambo.

India nayo ilianzisha kadi yake ya taifa, RuPay, mwaka 2012. Nigeria ilifuata kwa kadi yake, AfriGo, mwaka 2023. Afrika Mashariki yenyewe imekwisha kuonyesha uwezo: mwaka 2015 wateja wa M-Pesa wa Tanzania na wa Kenya waliwezeshwa kutumiana fedha moja kwa moja kutoka simu hadi simu, shilingi ya huku ikageuka shilingi ya kule. Benki Kuu ya Tanzania nayo imejenga mfumo wa taifa wa malipo ya papo kwa papo, TIPS, unaounganisha mabenki na makampuni ya simu. Msumbiji ina mtandao wake wa kitaifa unaounganisha mashine za benki zake. Mifumo miwili iko tayari kila upande wa Ruvuma. Kinachokosekana ni daraja baina yake.

Wala isisemwe kwamba makato yakishawekwa hayaondoki. Julai 15, 2021, ilianza tozo ya miamala ya simu, kuanzia Sh. 10 hadi Sh. 10,000 kwa muamala. Wananchi walilalamika kwa sauti kubwa, Serikali ikasikia, na mwaka huohuo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30; mwaka 2022 ikapunguzwa tena. Somo lake ni wazi. Makato hayashuki kutoka mbinguni kama mvua. Hupangwa na watu waliokaa mezani, na watu hukaa tena mezani wakayapangua. Tofauti ni kwamba wale waliolalamikia tozo ya simu walikuwa mamilioni na walikuwa nyumbani. Wanaoumizwa na makato ya kadi za kigeni wametawanyika Muscat, Maputo na London, kila mmoja peke yake mbele ya mashine, na kilio cha mtu mmoja hakisikiki.

Hapana anayedai mabenki yataifishwe tena kama ilivyofanyika Februari 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha. Kinachodaiwa ni kidogo na kinawezekana. Benki Kuu, ambayo tangu mwaka 2019 ina kanuni za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha, iagize kwamba kila mashine ioneshe kwa Kiswahili fasaha, kabla ya mteja kubonyeza kitufe cha mwisho, ada yake yote pamoja na bei ya kubadilishia fedha, ikilinganishwa na bei ya Benki Kuu ya siku hiyo. Ada ya mashine ikatwe mara moja tu kwa siku, si kila noti 40 zinapotoka, kwa kuwa kikomo hicho amekiweka mwenye mashine wala si mteja. Anayetoa kiasi kidogo akatwe kidogo. Na Benki Kuu za Tanzania na Msumbiji, ambazo zote ni za nchi wanachama wa SADC, zikae pamoja kuunganisha mitandao yao, ili kadi ya Mtwara itambuliwe Pemba na kadi ya Pemba itambuliwe Mtwara bila ya ujumbe wake kuzungushwa kwanza katika mitandao ya makampuni ya Marekani.

Vijiji vya kusini vina haki ya pekee ya kulidai jambo hili. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, na wapiganaji wake walifunzwa Nachingwea, jirani na Lukuledi, hadi Msumbiji ilipojipatia uhuru mwaka 1975. Watu wa Lindi, Mtwara na Ruvuma waliishi karibu na vita hiyo, wakawapokea wakimbizi na kugawana nao chakula kilichokuwa haba. Hapakuwa na aliyewatoza ada kwa kuvuka mto. Itakuwa aibu iwapo wajukuu wa watu hao, wakiwa huru pande zote mbili na wakiwa na daraja la zege chini ya miguu yao, wataendelea kutozana kwa kutumia mashine.