Mizimu si mizigo

Mwezi uliopita niliwapeleka wanafunzi wangu wa darasa la sita Jinja, wakaone chanzo cha Nile na bwawa la umeme la Bujagali. Tulitoka Mbale alfajiri, tukapitia Tirinyi na Iganga, watoto wakiimba njia nzima mpaka sauti zikawakauka. Pale bwawani waliambiwa mitambo ile inazalisha megawati 250, nao wakaandika kwenye madaftari yao. Ndipo msichana mmoja akanyosha kidole upande wa maji yaliyotulia tuli, akauliza: "Mwalimu, hayo maporomoko yenyewe ya Bujagali yako wapi?"

Nikamwambia yako chini ya maji hayo hayo anayoyaona.

"Na wenyewe walikwenda wapi?"

Nikaanza kumweleza habari za fidia na za wanavijiji waliohamishwa. Akanikatiza kwa adabu. Hakuwa akiuliza habari za wanavijiji. Bibi yake ni Msoga, na bibi amemwambia kwamba maporomoko yale yalikuwa na mizimu yake. Wenzake wakaangua kicheko. Mimi sikucheka, kwa sababu niliwahi kucheka miaka mingi kabla yao, na kicheko kile ndicho kinachonifanya nishike kalamu leo.

Ndugu msomaji, mimi ni mtoto wa ukimbizini. Nilivuka Malaba mgongoni mwa mama yangu mwaka 1982, nikasoma Bungoma, nikapata ualimu huko huko, nikarudi Mbale mwaka 2004. Tuliorudi tulirudi na majivuno yetu. Tulijiona tumeona dunia, na waliobaki nyumbani tukawaona wamelala. Mwaka 2005 na 2006 maji ya ziwa yalipungua, umeme ukawa wa mgao, nami nikawa nasahihisha madaftari kwa taa ya chemli. Kwa hiyo ujenzi wa Bujagali ulipoanza mwaka 2007 nilishangilia. Na niliposikia kwamba Mzee Nabamba Budhagali anasema mizimu haijaridhia, nilimcheka ndani ya ofisi ya walimu mbele ya watu. Nilisema haiwezekani mzee mmoja aiweke nchi nzima gizani.

Huyo mzee hakuwa mpiga ramli wa vichochoroni. Kwa Wasoga, Budhagaali ni mzimu wa maporomoko yale, na ndiye anayemchagua mtu wa kumpanda, kizazi baada ya kizazi. Anayechaguliwa hubeba jina lake. Inasimuliwa kwamba Budhagaali wa kweli hujulikana kwa kuketi juu ya kipande cha nguo ya gome la mti na kuvuka maji yale yaliyokuwa yakichemka kama sufuria, asizame. Uamini usiamini, hiyo ndiyo hati yake. Wengine tuna hati za kiwanja zilizopigwa mihuri mitatu na bado tunagombania mipaka.

Jina la Jinja lenyewe linatokana na mawe ya mtoni. Speke alipofika mwaka 1862 maporomoko ya pale ziwa linapotoka aliyaita Ripon, kwa heshima ya bwana mkubwa mmoja wa kwao ambaye hakuwahi kuyatia machoni. Maporomoko hayo nayo yalizama baada ya kujengwa bwawa la Owen Falls, lililozinduliwa na Malkia Elizabeth mwaka 1954. Siku hizi bwawa hilo linaitwa Nalubaale, jina la ziwa kwa Kiganda, na ndani yake mna neno lubaale, yaani mizimu hiyo hiyo. Makao tumeyazamisha, jina tumelibandika ukutani.

Tuseme ukweli, suala la mizimu ya Bujagali halikupuuzwa kabisa. Kampuni ya AES ya Marekani ndiyo iliyotangulia kuushika mradi, ikajitoa mwaka 2003, wakaja wengine. Muda wote huo kulikuwa na mazungumzo, matambiko yalifanywa na fedha zilitoka. Lakini swali lililoulizwa lilikuwa moja tu: mizimu hii ihamishwe kwa kiasi gani, na iwekwe wapi? Mzee Budhagali aliposhikilia msimamo wake, akapatikana mwaguzi mwingine aliyekubali kuihamisha. Malalamiko yalifika mpaka kwenye Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia, mara ya kwanza mwaka 2001 na mara ya pili 2007. Mwishoni mwa 2011 maji yalipanda na maporomoko yakazama. Mwaka uliofuata bwawa likazinduliwa kwa ngoma na hotuba.

Wafanyabiashara wa mpakani mtanielewa hapa. Mwenye mzigo akikataa kuuza, huendi kwa jirani yake ukamlipa huyo jirani, kisha ukaubeba mzigo na kudai umeununua. Pale Lwakhakha kitendo hicho kina jina lake, na jina hilo si biashara.

Kilichonigeuza mimi lakini si hoja hiyo. Ni babu yangu. Alifia Bungoma mwaka 1994 na tukamzika kwenye shamba la watu waliotuhifadhi, Wabukusu, ambao ni ndugu zetu kwa lugha na kwa tohara. Tuliporudi, wazee wa ukoo walisema hawezi kuachwa ugenini. Mjomba akaenda, akachota udongo wa kaburi akautia kwenye mfuko wa unga, akapanda nao basi. Forodhani askari alimfungulia, akauliza ni bidhaa gani. Mjomba akajibu, "Ni baba." Askari akaufunga mfuko taratibu, akamwambia mzee pita.

Tukauzika udongo ule chini ya mgomba, kwa maneno yaliyosemwa na wanaopaswa kuyasema. Na bado mpaka leo, kila tukikutana, shangazi yangu mkubwa husema babu hakuja. Anasema aliitwa kwa haraka mno. Hakuna kati yetu anayethubutu kumcheka. Sasa ikiwa sisi, wenye babu, tuliokubaliana wenyewe, hatuna hakika kama tulifaulu kumhamisha mtu mmoja kwa mfuko mmoja, wale wa Bujagali walipata wapi hakika yao?

Nisionekane ninawasemea Wasoga tu. Huku kwetu Bugisu, kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, imbalu hufunguliwa Mutoto, nje kidogo ya Mbale. Vijana hupakwa tope la kinamasi kabla ya kisu. Tope hilo halinunuliwi dukani. Bila kinamasi hakuna tope, na bila tope sijui tutamwambia nini kijana. Lakini angalia tunavyovitendea vinamasi vyetu. Vimefukiwa, vimejengwa, na usiku wa tarehe 30 Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ikaingia mjini, watu zaidi ya 20 wakafa. Mimi hufundisha sayansi, sitamwambia mtu kwamba mizimu ilikasirika. Mvua ilikuwa kubwa mno. Ninachosema ni kwamba kinamasi hunywa maji ya mvua, na hakuna mtu anayejenga duka mahali anapopaogopa. Sheria ya wazee haikuhitaji askari.

Wako watakaoniambia hayo ni ushirikina na nchi inataka maendeleo. Ninaandika makala hii chini ya balbu, na umeme wake huenda ukawa unatoka Bujagali, sitakana. Mama muuza malewa wa sokoni hapa Mbale naye anastahili taa. Lakini wenzetu wa pwani ya Kenya wana misitu yao ya kaya, ambako wazee wa Kimijikenda ndio wanaosema nani aingie na mti gani usikatwe. Serikali yao haikuwaambia wazee wale wahamishe kaya. Ilianza kuitangaza misitu hiyo kuwa turathi za taifa tangu miaka ya 1990, na mwaka 2008 UNESCO ikaiingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Huko bado kuna wavamizi na migogoro ya ardhi, najua. Lakini mzee wa kaya ana karatasi ya kumwonesha mvamizi. Mzee Budhagali hakuwa nayo.

Na jambo hili halijapita. Mwaka 2007 serikali yetu iliahidi kwa maandishi, katika makubaliano na Benki ya Dunia, kwamba maporomoko ya Kalagala na Itanda, chini zaidi ya mto, yatahifadhiwa yawe badala ya Bujagali. Mwaka 2019 likazinduliwa bwawa la Isimba, megawati 183, na maji yake yakameza baadhi ya maporomoko yaliyokuwa chini ya hapo. Kalagala na Itanda bado yananguruma. Itanda nayo ina watu wake wanaokwenda kutambika. Safari hii naomba waulizwe kabla ramani haijachorwa, na jibu lao, hata likiwa hapana, liandikwe kama jibu. Majina yao yawekwe kwenye mkataba pamoja na ya mabenki. Wakishaletewa ramani iliyokamilika na mbuzi wa tambiko, hapo hakuna aliyeulizwa.

Sisi tuliorudi ndio tungepaswa kuwa wa kwanza kulisema hili. Kwa miaka tuliambiwa na watu wema kabisa kwamba nyumbani ni popote palipo na chakula na shule. Tulikula, tukasoma, tukashukuru, kisha tukafunga virago tukarudi.

Yule msichana bado ananidai jibu. Muhula ujao, mwalimu mkuu akiridhia, nitawapeleka Itanda, nimtafute mzee wa pale awasimulie mwenyewe. Barua kwa wazazi nimeshaiandika. Iliyobaki ni nauli.