Garimoshi Lenye Uso



Wiki iliyopita, baada ya swala ya Isha, mzazi mmoja alitungoja mlangoni mwa msikiti akiwa na swali ambalo hakupenda kuliuliza mbele ya watu. Mwanawe wa miaka minne, mpenzi mkubwa wa katuni za Thomas, alikutwa amesimama hatua chache kutoka kwenye reli, akiipungia mkono treni ya mizigo na kuisubiri itabasamu. Alhamdulillahi, jirani alimwahi. Baba akatuuliza: je, garimoshi lenye uso wa mtu si haramu? Na je, amzimie mtoto televisheni moja kwa moja?

Hukumu ya picha tunawaachia masheikh, ambao wametofautiana juu yake tangu zamani. Sisi tunakumbusha tu kisa alichokipokea Abu Daud, kwamba Mtume (S.A.W.) aliona miongoni mwa wanasesere wa Bibi Aisha (R.A.) farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Alipostaajabu farasi kuwa na mbawa, Bibi Aisha alimjibu kwamba farasi wa Nabii Suleiman (A.S.) walikuwa nazo, naye akacheka hata magego yake yakaonekana. Lakini hofu ya mzazi yule ilikuwa nyingine: mwanawe amefundishwa nini kuhusu treni?

Visa vya Thomas vilianza kwa padri wa Kianglikana wa Uingereza, Wilbert Awdry, aliyemsimulia mwanawe alipokuwa kitandani kwa surua. Kitabu cha kwanza kilitoka 1945, na Thomas mwenyewe akaingia katika cha pili, 1946. Padri huyo alizijua reli, na alitaka visa vyake viafikiane na desturi zake za kweli.

Mwaka 1984 visa hivyo viliingia katika televisheni ya Uingereza kwa juhudi za Britt Allcroft, chini ya uongozaji wa David Mitton. Wengi hudhani ilikuwa michoro. Haikuwa. Ndani ya studio viliundwa vilima, stesheni na vijumba vidogo, zikatandikwa reli ndogo, na magarimoshi ya mfano yakapita juu yake kwa mota za umeme. Macho yaligeuzwa kwa mawimbi ya redio. Nyuso zenyewe hazikucheza: kila garimoshi lilikuwa na nyuso kadhaa, wa furaha, wa hasira, wa woga, na kamera iliposimama fundi alibandua mmoja akabandika mwingine. Midomo haikutikisika hata kidogo. Msimulizi mmoja aliwasemea wote.

Mzazi aliyeziona sehemu zile za kwanza atakumbuka uzito wake. Garimoshi lilipoacha reli lilianguka kwelikweli, na mabehewa yakarundikana nyuma yake. Halikuweza kuruka, maana kilichopigwa picha ni kitu halisi juu ya reli halisi.

Kuanzia 2009 kazi yote ilihamia katika kompyuta, na midomo ikaanza kusema. Katika filamu ya 2018 Thomas alifika Kenya, akakutana na garimoshi la rangi ya chungwa liitwalo Nia. Hapo tulitabasamu, kwa kuwa neno hilo kila mtoto wa madrasa amelisikia katika somo la funga na swala. Kisha 2021 ukaja mfululizo mpya wa michoro bapa, ambamo magarimoshi hudunda, hujikunja na kurukaruka kama watoto wanaocheza kamba. Hatuuchukii ubunifu, na farasi wa Bibi Aisha ni ushahidi wetu. Ila Bibi Aisha alikuwa na mtu wa kumuuliza habari za zile mbawa. Mtoto wetu mara nyingi huachwa peke yake na kioo wakati sisi tuko jikoni au kwenye simu.

Hatukumwambia mzazi yule azime televisheni. Tulimwomba akae na mwanawe, kisha ampeleke stesheni, amshike mkono, waitazame treni ya kweli kutoka nyuma ya uzio. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halisimami kwa matakwa ya dereva; treni nzito iliyo mwendoni huhitaji mamia ya mita, na haina pa kukwepea. Walikwenda Jumamosi. Mtoto aliuliza uso wa treni uko wapi. Baba akamwonesha dereva dirishani.

Kwa wale ambao watoto wao huvuka reli kuja madrasa: kamati imekubaliana kwamba kila alasiri watavushwa na mtu mzima, kwenda na kurudi. Tumepata watu wa siku zote isipokuwa Jumatano na Alhamisi. Mwenye nafasi atuone baada ya swala ya Ijumaa.