Makaburi ya Kaboya na Wajane wa Ufipa

Kutoka Kaengesa hadi Kaboya, wilayani Muleba, ni mwendo wa kuivuka nchi. Huko wamelala mamia ya askari wetu waliokufa katika vita vya Kagera, 1978 na 1979, wanajeshi pamoja na mgambo. Kila Julai 25 taifa huwakumbuka kwa mkuki na ngao. Heshima hiyo yawastahili. Lakini mjane wa Kifipa, ambaye mumewe aliliacha jembe katika shamba la ulezi, amlilie kaburi gani? Nauli hana. Sisi twataka kila kata, Kaengesa ikiwemo, iandike majina ya watu wake waliokwenda wasirudi, na ya waliorudi na vilema, ambao husahauliwa upesi zaidi. Wanaowakumbuka wamekwisha kuwa wazee. Waulizwe mwaka huu.