MAFUNZO YA KIINGEREZA: KILA NENO NA MWENZIWE

Wasomaji wengi wa safu hii, wakulima kwa makarani, hupokea barua za Kiingereza, na wengine huziandika. Wamekwisha jifunza sarufi na maana za maneno mengi. Hata hivyo barua zao huonekana ngeni machoni pa Mwingereza. Aghalabu sababu ni moja: sifa imewekwa kando ya jina lisilo mwenzi wake.

Chukueni mfano wa mvua. Mswahili husema "mvua kubwa", na Mjaluo wa hapa Uriri husema "koth maduong'". Lugha zote mbili huitaja mvua kwa ukubwa wake. Mwingereza huitaja kwa uzito: "heavy rain". Lakini upepo kwake hauna uzito, una nguvu: "strong wind". Ukimwandikia "big rain" na "heavy wind" atakufahamu, ila atajua papo hapo kuwa umefasiri kutoka lugha nyingine.

Tazameni tena neno letu "kali". Twasema kisu kikali, mbwa mkali, chai kali, jua kali na maumivu makali, na neno moja latosha. Kwa Kiingereza kisu ni "sharp knife", mbwa ni "fierce dog", chai ni "strong tea", jua ni "hot sun", na maumivu ni "severe pain". Ndivyo ilivyo kwa neno "refu": mtu ni "tall man", mlima ni "high mountain", njia ni "long road", na kisima ni "deep well".

Jambo hili limechunguzwa na wataalamu. Harold Palmer, Mwingereza aliyefanya kazi Japani, alitoa ripoti mwaka 1933 juu ya maneno yaendayo pamoja. Mwenziwe, A. S. Hornby, alitunga pamoja na wengine kamusi ya wanafunzi iliyochapwa Tokyo mwaka 1942, na Oxford ikaitoa mwaka 1948. Kamusi za namna hii hufaa sana, kwa kuwa huonyesha neno likiwa kazini ndani ya sentensi, wala si maana yake peke yake.

Hasara ya kutojua mambo haya si kuchekwa tu. "Outstanding pupil" ni mwanafunzi aliyewapita wenzake. Lakini "outstanding balance" katika hati ya hesabu ya miwa au tumbaku si sifa hata kidogo, ni deni ambalo bado hujalimaliza. Aliyejifunza maana ile ya kwanza tu aweza kudhani amesifiwa, kumbe anadaiwa. "Fair price" si bei ya kupendeza, ni bei ya haki. "Net weight" haihusu wavu, ni uzito wa mali yenyewe bila gunia. Na "net pay" ni fedha zinazobaki baada ya makato yote. "Standing crop" ni mazao yaliyo bado shambani. Basi kabla ya kutia sahihi, ulizeni maana ya maneno mawili yakiwa pamoja.

Dawa yake ni rahisi. Wekeni daftari dogo, na kila mnapokutana na jina jipya katika kusoma, liandikeni pamoja na sifa yake, kama mtu aandikavyo majina ya mume na mke. Maneno kumi kwa juma yatosha.

ZOEZI LA JUMA HILI. Chagua sifa ifaayo katika hizi: "rich", "poor", "heavy", "deep".

1. Udongo wenye rutuba: "... soil".
2. Mavuno haba: "... harvest".
3. Mzigo mzito: "... load".
4. Sauti nzito: "... voice".

Angalieni sana namba 3 na namba 4. Majibu juma lijalo.