Kucha za Msichana wa Kwaya

Kwa akina mama wa ushirika wa Ijumaa, Dandora Phase 4,

Mjadala wenu umenifikia huku Leicester kwa WhatsApp, nikausikiliza wote ndani ya basi nikitoka zamu ya usiku. Msichana amesimamishwa kwaya kwa sababu ya rasta na kucha za kubandika. Mmeniuliza ninaonaje. Naona mmemwonea.

Msimamo wenu naujua ulikotoka. Mama zetu waliokoka katika mkondo wa ule uamsho ulioingia Kenya kutoka Rwanda mwaka 1937, na kwao hereni zilivuliwa pamoja na dhambi. Petro naye alikwisha kuwaonya wanawake juu ya kusuka nywele na dhahabu, sibishani naye. Lakini mama hao hao ndio waliotuogesha Jumamosi jioni kwa karai moja la maji, wakapiga nguo pasi ya makaa na viatu polishi, tusije tukaingia kanisani tukinuka moshi wa dampo la Dandora. Huo haukuwa urembo? Mjini Nairobi, ukisema unatoka Dandora, mtu alikunusa kwanza ndipo akusalimie.

Kazi yangu huku ni kuogesha wazee. Nawakata kucha, nawapaka mafuta, nawachana nywele. Yuko bibi asiyekumbuka jina la mwanawe, lakini hakubali kwenda mezani kabla hajapakwa rangi ya midomo. Nampaka. Nikimaliza naomba kimoyomoyo, na sioni mahali kazi ilipoishia na sala ikaanza.

Kilichoniuma katika ujumbe wenu wa sauti ni kwamba mlijadili kucha, na hakuna aliyetaja moshi wa dampo. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilitangaza matokeo ya utafiti uliopima damu ya watoto na vijana 328 waliokuwa wakiishi karibu na dampo letu. Nusu yao walikutwa na madini ya risasi yaliyofikia au kupita kiwango cha hatari. Na pale jirani, kati ya 2003 na 2006, zahanati ya Kanisa Katoliki ilikuwa ikitibu wastani wa watu zaidi ya 9,000 kwa mwaka kwa shida za kupumua. Zahanati ya kanisa, jamani! Paulo alipowaambia Wakorintho kwamba mwili ni hekalu, mapafu aliyaacha nje?

Na kwa kuwa nimeshafungua mdomo: krimu zenye zebaki zimepigwa marufuku Kenya, lakini bado zinapita chini ya meza, na wanaojipaka mnawajua. Hao hawajasimamishwa popote.

Mkitaka kuona urembo unaojali na afya, mnao hapo hapo Dandora: vijana wa Mustard Seed, yaani punje ya haradali, walisafisha ua wao, wakapanda nyasi, wakapaka kuta rangi. Baadaye yakaja mashindano ya kupendezesha nyua za Dandora, yakaitwa Changing Faces. Vijana hao wangeitwa Ijumaa moja wawaelezee walivyoanza.

Na kwa kuwa mwili ni hekalu, mashine ya kupima presha naituma na dada anayekuja Desemba. Mpimane baada ya maombi, na mchungaji awe wa kwanza, maana chai yake naikumbuka ilivyojaa sukari. Msichana naye arudi kwaya Jumapili hii. Sauti ya kwanza mmebaki na nani?

Dada yenu,
Leicester