Nani alisema Mathari ni tusi?

Ukipanda matatu ya Thika Road, karibu na Muthaiga utasikia makanga akiita: “Wa Mathari washuke!” Kama kuna wanafunzi ndani, lazima mmoja atamsukuma mwenzake: “Si wewe ndio unashuka hapa?” Gari zima linacheka. Nikiwa kidato cha pili nilicheka pia, tena sana.

Yule anayesukumwa huenda hajalala vizuri wiki nzima. Sasa amejua kuwa akithubutu kusema, hilo ndilo litakuwa jina lake.

Mathari imekuwepo tangu 1910, na bado tunaitaja kama tusi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema thuluthi moja ya matatizo ya akili huanza kabla ya umri wa miaka 14, na nusu kabla ya 18. Yaani tukiwa bado kwenye yunifomu.

Sheria angalau imeanza kuamka. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kuwa Kifungu cha 226, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Shuleni je?

Nilikosomea, ofisi ya ushauri nasaha ndiyo hiyo hiyo ya nidhamu. Ukionekana ukiingia, darasa zima linataka kujua umekosa nini. Niliingia mara moja, nikasema naumwa na kichwa, nikatoka. Baadaye chuoni mambo yalinilemea nikaacha masomo. Hadi leo shangazi huambia watu nilikosa karo. Anadhani ananisitiri.

Uchambuzi mmoja wa tafiti nyingi, uliochapishwa 2012, ulionyesha kwamba watu wazima hupunguza unyanyapaa zaidi wakikutana na mtu aliyewahi kuugua. Kwa matineja ilikuwa kinyume: mafunzo ndiyo yaliyofanya kazi zaidi. Kwa hivyo darasa lina nguvu, lakini si hotuba moja ya gwaride kila Oktoba.

Muulize mwanafunzi yeyote dalili za malaria, atazitaja zote. Muulize za sonona, atakuambia ni mtu anayeokota makaratasi sokoni. Hajui kwamba ni yule deski mwenzake ambaye kwa wiki mbili mfululizo hataki mpira, hataki chakula, hataki stori.

Hilo lifundishwe darasani, na liulizwe kwenye mtihani kama malaria. Halafu ile ofisi ya ushauri ipewe mlango wake.